Bastola ya Tatu

Mzee Machano alichomoa magazini za risasi, akavuta kila bastola nyuma, akamwonyesha Coletha tundu tupu. Akarudia kumwonyesha mara ya pili. Ndipo akazilaza zote tatu juu ya taulo la bluu, midomo ikitazama ukutani.

"Sasa shika," alisema. "Hapa kwangu hagusi mtu mpaka macho yake yameona haina kitu."

Karakana ilikuwa uani kwake, mtaa wa Chatsworth, kusini kabisa mwa Afrika, chumba cha matofali chenye nondo nene dirishani na cheti cha ufundi kilichotundikwa juu ya mashine ya kusaga chuma. Mzee Machano alikuwa na miaka sitini na nane, fundi wa bunduki mwenye leseni. Kiswahili chake alikipata kwa bibi yake, na kwa miaka minne aliyosoma Unguja akiwa kijana.

Coletha Ngonyani hakushika kitu. Alifungua kwanza daftari. Alikuwa mpelelezi wa ofisi ya wakili mmoja kule Berea, kazi aliyokuwa akiifanya kwa mwaka wa kumi na mbili sasa, na kabla ya hapo aliwahi kuwa koplo wa upelelezi Iringa. Aliandika tarehe, saa tatu na nusu asubuhi, jina la fundi, aina za bastola. Nyuma yake, juu ya stuli, alikaa Immaculée, suruali ya kijivu imekunjwa mapajani.

Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu mume wa Immaculée, Pacifique Namegabe, apigwe risasi mbili za kifua kwenye kichochoro cha nyuma ya duka la viungo alilofanyia kazi, Warwick Junction. Aliyempiga alikuwa Innocent Mukalay, mwenye kampuni ndogo ya ulinzi. Mukalay hakukimbia. Aliwasubiri polisi, akawaonyesha leseni yake, akaeleza kwamba marehemu alimsogelea, akatia mkono mfukoni, akatoa bastola. Na kweli bastola ilikutwa karibu na mkono wa marehemu. Jalada lilikuwa linaelekea kufungwa.

Immaculée alikwenda kwa wakili na hoja moja tu, ya fundi cherehani.

"Miye njo nilishonaka ile suruali," alisema tena sasa, kama alivyosema ofisini. "Mifuko yake iko mifupi. Bunduki haiwezi kuingia. Hii nimeshona leo, kitambaa ileile, kipimo ileile. Mujaribu."

Coletha aliichukua suruali, akapima mfuko kwa rula, akaandika. Kisha akamgeukia fundi.

"Nieleze tofauti zake, Mzee Machano. Kama unamweleza mtu anayetaka kununua."

"Watu wanaotaka kununua siku hizi wanajua kila kitu, wamekwishatazama kwenye simu." Aliinua ya kwanza, nyeusi, ya plastiki ngumu. "Hii ndiyo wanayoililia wote. Risasi fupi za milimita tisa. Nyepesi, bapa, ukiitia mfukoni mtu anadhani ni simu. Ubaya wake, ukipiga inakuruka mkononi, inauma kiganja, na triga yake ni ndefu, unavuta, unavuta. Mwenye hofu anakosea."

"Ya pili?"

"Ya pili ni tisa kamili. Inapiga vizuri zaidi, inashika risasi nyingi zaidi, lakini nene na nzito. Mfukoni inaning'inia kama jiwe, suruali inavutika upande mmoja. Mlinzi yeyote mwenye macho anaiona toka ng'ambo ya barabara." Akaigusa ya tatu kwa kidole kimoja tu. "Na hii ni ya mababu. Chuma kitupu, risasi za milimita sita na ushee. Ndogo kuliko zote. Nguvu yake haba. Zamani wake za matajiri waliitia kwenye mkoba. Siku hizi sioni mtu akiiulizia."

Coletha alitoa picha kutoka kwenye bahasha. Kielelezo cha polisi, ile bastola iliyokutwa karibu na mkono wa marehemu, kilikuwa cha aina hiyohiyo ya tatu. Namba yake ilikuwa imekwanguliwa.

Walijaribu ya pili kwanza. Iligoma kwenye mdomo wa mfuko, na Immaculée akaketi wima. Ya kwanza iliingia, kitako kikabaki nje. Kisha Coletha akashika ile ya tatu, akaitumbukiza. Ilizama yote. Haikuonekana hata umbo lake.

Coletha aliandika neno moja: *inaingia*.

"Unaandika?" Immaculée aliuliza.

"Naandika, mama. Nisipoandika mimi, wataandika wao."

Immaculée aliinamisha kichwa, akaanza kuchezea uzi kwenye pindo la sketi yake. Hoja yake yote ilikuwa imekwisha.

Mzee Machano aliitoa bastola mfukoni na kuigeuza kwenye mwanga wa dirisha, labda ili kuwe na jambo la kufanya. Akasita. Akavaa miwani.

"Bi Coletha. Hebu njoo."

Kwenye upenyo wa juu ya kitako, na kwenye pembe ya triga, nyuzinyuzi za kijivu zilikuwa zimenasa.

"Suruali mpya hii, imekaa dakika moja," alisema. "Bastola ina mafuta, na mafuta hayachagui. Wanaobeba mfukoni bila ala yake ninawajua kabla hawajafungua mdomo. Wananiletea hapa imejaa pamba, tumbaku, makombo ya mkate. Mmoja aliniletea yenye gamba la kidonge. Yako ya kwenye picha ikoje?"

Coletha aliitandaza picha kubwa, Mzee Machano akaiwekea lenzi. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Safi," alisema. "Safi kama imetoka kabatini. Na imepakwa mafuta juzijuzi, ona inavyong'aa kwenye pembe. Ripoti inasema nini juu ya kupiga?"

"Haipigi. Ile pini ya kugongea risasi imekatwa."

"Imekatwa au imekatika?"

Coletha alisoma tena. "Imekatwa kwa tupa. Kapteni wa polisi mwenye jalada anasema majambazi wengi hubeba mbovu kwa kutishia."

"Jambazi wa kutishia hapaki mafuta kitu kilichokufa." Mzee Machano alivua miwani. "Aliyeifuta hii anajua bunduki, na ana kitambaa kizuri, na ana muda. Eish. Miaka arobaini na mbili ninafanya kazi hii, na bado wananitia kichefuchefu."

Coletha alizitandaza picha nyingine za eneo la tukio. Zilikuwa kumi na nane. Ya mwisho kabisa polisi waliiandika *takataka nyingine*: vipande vya sigara, kifuniko cha chupa, tiketi ya basi, na kitu cha plastiki cha buluu kilichookotwa chini ya toroli la matunda, hatua mbili kutoka kwenye mwili.

Immaculée alikuwa ameinuka. Aliweka kidole juu ya kile cha buluu.

"Ile iko pompe yake," alisema. "Ya asthme. Banaandika takataka?"

Kwenye ubavu wa kile kipampu cha pumu, wazi kabisa, palikuwa na alama ya kidole gumba. Ya rangi ya manjano.

* * *

Eddy alikuwa akifunga mifuko ya pilipili wakati Coletha alipofika Warwick saa saba mchana. Duka lilikuwa jembamba na refu, mapipa yamepangwa pande zote mbili, na kila aliyeingia alipiga chafya kabla ya kusalimia. Eddy alifanya kazi na Pacifique kwa miaka mitatu, meza moja, koleo moja.

"Siku ile mlikuwa mnapima nini?" Coletha aliuliza.

"Manjano. Toka asubuhi mpaka kufunga. Ilikuwa na commande kubwa, hoteli moja iliagiza."

"Mnafuta wapi mikono?"

Eddy alimtazama kama hakuelewa swali, kisha akatia mkono kwenye mfuko wa suruali yake na kuugeuza nje. Kitambaa cha ndani kilikuwa cha njano hadi kwenye mshono. Unga ukamwagika kidogo juu ya kiatu chake.

"Wa Pacifique ulikuwa hivi?"

"Zaidi. Yeye alikuwaka anatia mikono mifukoni kila saa, anatafuta mouchoir ya kufuta pua, anatafuta pompe. Ile siku kikohozi kilimukamata mubaya. Akasema, Eddy, natoka inje kidogo napumua. Nikamusikia anakohoa pale nyuma. Anakohoa, anakohoa. Halafu pa! pa! Halafu hakuna kikohozi."

"Ulisikia maneno? Kugombana? Mtu kuomba simu, kuomba pesa?"

"Kikohozi tu."

"Polisi uliwaambia hivyo?"

"Baliniuliza kama niliona bunduki. Nikasema sikuona. Bakaandika, bakaenda." Eddy alishusha sauti. "Na pia, mama, jengo hii inalindwa na batu ya Mukalay. Patron, mwenye duka, alituambia tusiongeze maneno."

Coletha alimwomba mfuko mmoja mdogo wa manjano na ruhusa ya kupiga picha mfuko wa suruali yake. Eddy alikubali yote mawili. Alipokuwa anapiga picha, Coletha aliona tangazo lililobandikwa kwenye nguzo nyuma yake, kwa Kiswahili na Kifaransa. *Linda duka lako. Jifunze kubeba bastola kwa siri. Mwalimu: Innocent Mukalay, aliyesimama uso kwa uso na jambazi na kushinda.* Chini ya maneno palikuwa na picha. Coletha alisogea karibu. Ilikuwa picha ya kichochoro kilekile, na chini doa la damu lilikuwa halijaoshwa.

Alisoma anwani na saa, akaviandika. Kisha akabandua lile tangazo, akalikunja mara nne na kulitia kwenye mkoba.

Alimpigia simu Kapteni Hlengwa, aliyeshika jalada. Kapteni hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye majalada mia na hamsini. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kipampu kina manjano, bastola haina," alisema.

"Vyote viwili vinasemekana vilikuwa mfuko mmoja. Mkono mmoja, wakati mmoja. Mtu anayekosa pumzi hatoi bastola na dawa kwa vidole hivyohivyo, Kapteni, halafu bastola ikabaki safi."

"Wakili wake atasema ilikuwa mfuko mwingine."

"Mukalay ameandika mfuko wa kulia. Ukurasa wa pili wa maelezo yake. Na pampu yake Namegabe aliitia kulia, mkewe anasema, kwa sababu wa kushoto ulikuwa umetoboka."

Coletha alimsikia Kapteni akipekua makaratasi.

"Ni nzuri, lakini haitoshi," alisema hatimaye. "Ile bastola ilitoka mahali fulani. Niletee mahali hapo."

* * *

Darasa lilifanyika Jumamosi saa nne asubuhi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la samani kwenye mteremko wa Berea. Coletha alijiandikisha kwa jina la Mama Rhoda, muuza nywele za bandia. Barua zote za kesi zilikwenda kwa jina la wakili, Mukalay hakuwahi kuona uso wake. Simu ilikuwa juu kabisa kwenye mkoba wake, inarekodi.

Wanafunzi walikuwa tisa. Mwanamke aliyekaa kando yake alijitambulisha kwa jina la Carmel, mwenye saluni, mtu wa Goma. Alifungua boksi la biskuti na kumsogezea.

"Kula, dada. Huyu mwalimu anasema sana."

Innocent Mukalay alikuwa mnene, mchangamfu, amevaa shati jeupe. Kwenye meza ya mbele palikuwa na sahani ya kuku wa kukaanga na, kando yake kabisa, bastola tatu. Alikula huku akifundisha. Alishika paja la kuku, akashika bastola, akafuta vidole kwenye karatasi, akashika tena. Mafuta ya kuku yaling'aa kwenye mtutu.

Kwanza alitaka kuwaonyesha tukio lenyewe.

"Nataka mutu mumoja alale hapa chini. Wewe, papa Japhet. Wewe njo jambazi."

Mwanamume mmoja mwenye miwani alijilaza sakafuni huku akicheka. Wengine walicheka pia. Mukalay alimzunguka, akaonyesha alisimama wapi, mkono wa yule ulikwenda wapi, yeye alitoa ya kwake kwa sekunde ngapi. Alimwomba Japhet akohoe, kwa sababu yule mtu, alisema, alijifanya anakohoa. Japhet alikohoa. Watu wakacheka zaidi. Coletha aliitazama biskuti mkononi mwake, akaifunga kwenye leso.

Kisha Mukalay akaingia kwenye somo. Alizishindanisha bastola kwa ufundi, hilo lazima likubaliwe. Alisema mambo yaleyale ya Mzee Machano, ila yeye aliyasema kama mtu anayeuza manukato.

"Hii ndogo nyeusi, mama anaitia kwa mfuko ya gauni, hata bwana yake hajui. Hii nene, njo ya mwanaume, ya koti. Iko na nguvu, lakini usiivae na suruali ya kitambaa laini, itakuaibisha. Jifunze kuitoa bila kunasa. Leo nyumbani, mbele ya kioo, mara mia mbili."

"Na ile ya tatu?" aliuliza mtu wa nyuma.

Mukalay alitabasamu, akaifunika kwa karatasi ya mikono. "Ya tatu iko ya batu bako serious. Tutaongea moja moja."

Wakati wa mapumziko alikaa kwenye chumba kidogo cha nyuma, mlango nusu wazi, na watu waliingia kwa zamu. Carmel hakuingia. Alisema yeye alikwisha kuongea mwezi uliopita. Coletha alingoja mpaka watatu walipotoka, akaingia, akaketi, akaweka mkoba juu ya magoti.

"Karibu, Mama Rhoda. Duka liko wapi?"

"Karibu na soko. Walishanivunjia mara mbili." Alionyesha mikono yake. "Mikono yangu midogo, mwalimu. Nimeona ile ya tatu, ndogo kuliko zote. Nadhani itanifaa kwa kupiga."

Mukalay alicheka mpaka akafuta macho.

"Mama, ile haipigi."

"Haipigi? Sasa ya kazi gani?"

"Ya kupiga unakuwa nayo ile ya leseni. Hii njo ya kuacha."

"Kuacha wapi?"

Alisogeza kiti. Aliongea kwa upole, kama mtu anayemweleza mteja namna ya kufua kitambaa cha sufu.

"Unasikia. Mutu anakuja kwako, unaogopa, unapiga. Anaanguka. Sasa unaangalia mikono yake. Kama iko na kitu, sharp, sawa, hakuna tatizo. Kama mikono iko mitupu, uko na tatizo kubwa, leseni inakwenda, wewe unakwenda. Sasa unatoa hii kwa kitambaa, unaiacha pale karibu na mukono. Polisi anakuja, anahesabu bunduki mbili, anaelewa. Namba hakuna. Na miye naikata pini, juu ya mutoto asiumie nyumbani. Mimi si mutu mubaya."

Coletha alilazimisha sauti yake iwe ya mwenye duka anayesitasita kununua.

"Lakini polisi si wajinga, mwalimu. Nitajuaje kama wataamini?"

"Si baliamini ya kwangu?"

Alisema bila kushusha sauti. Nje, mtu alikuwa anasimulia jambo na wengine wanacheka.

"Ya kwako," Coletha alisema polepole. "Yule wa kwenye tangazo?"

"Yule."

"Kumbe yeye alishika nini?"

Mukalay aliinua mabega. Alichukua mfupa kwenye sahani, akautazama kama una nyama, akaurudisha.

"Kitu ya kupumulia. Kidogo hivi. Nilipiga teke, ikakwenda chini ya toroli. Sasa miye nijue aje? Mutu anakuja anayumba, anatia mukono mfukoni mbele yangu. Kosa iko kwa yeye, mama. Nchi hii hautii mukono mfukoni." Kisha akakumbuka biashara. "Unataka moja? Zimebaki tano."

"Nitarudi Jumatatu," Coletha alisema.

Aliteremka ngazi bila kumuaga Carmel. Chini, mbele ya duka la samani, alishika nguzo ya robot, ile taa ya kuongoza magari, akainama na kutapika kwenye mfereji. Msichana wa duka alimletea maji kwenye kikombe cha karatasi na kumuuliza kama ni mimba. Coletha akasema hapana, asante, ni kitu nilichokula. Kisha akakaa kwenye ngazi, akasikiliza rekodi kutoka mwanzo hadi mwisho, kuhakikisha kila neno limo.

* * *

Jumatatu saa mbili asubuhi Kapteni Hlengwa alikuwa na hati ya upekuzi. Mukalay alimfungulia mlango mwenyewe, akamkaribisha chai. Kwenye kabati la chumba cha nyuma zilikutwa bastola tano za chuma, za zamani, kila moja imefungwa kwenye kipande chake cha kitambaa kipya cheupe, zimepakwa mafuta vizuri, namba zimekwanguliwa, pini zimekatwa kwa tupa. Tupa yenyewe ilikuwa kwenye droo, pamoja na kijiko na uma. Alipoona Mama Rhoda amesimama nyuma ya Kapteni, Mukalay hakukasirika. Alionekana kuumia, kama mtu aliyedanganywa na mteja.

"Mama, ungesema tu hautaki kununua," alisema.

Simu yake ilikuwa na majina ya waliokwisha kununua. Yalikuwa kumi na moja. Mwalimu wa shule ya Jumapili. Muuza simu. Fundi wa friji. Mmoja baada ya mwingine waliitwa kituoni, na Kapteni akamwomba Coletha awe mkalimani, kwa sababu wengi Kiingereza kiliwapotea ghafla.

Kufikia saa nane mchana Coletha alikuwa amesikia majibu ya watu sita. Hakuna aliyesema hakujua ni ya nini. Alikuwa ametarajia kwamba angalau watasema uongo. Wote walijua. Wawili waliuliza kama watarudishiwa bastola zao. Mmoja alisema mbona hajawahi kuitumia.

Immaculée naye alikuwa ameitwa siku hiyo, kukitambua rasmi kile kipampu. Kapteni alikitoa mwenyewe kwenye mfuko wa takataka nyingine, akakitia kwenye mfuko wake peke yake, akaandika namba mpya. Aliomba radhi kwa Kizulu, kisha kwa Kiingereza. Immaculée alisaini, na alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha pembeni akingoja nakala yake wakati mnunuzi wa saba alipoingizwa.

Alikuwa Carmel. Alikuja na bastola yake kwenye mfuko wa saluni, ndani ya taulo la kunyolea. Alipomwona Coletha alipepesa macho.

"Mama Rhoda? Na wewe walikukamata?"

"Jina langu ni Coletha Ngonyani. Ninatafsiri. Kapteni anauliza kama hii ni yako."

"Ni yangu."

"Anauliza kama ulijua haipigi."

"Nilijua." Carmel aliketi ukingoni mwa kiti. Alionekana kweli kutaka aeleweke. Alimshika Coletha mkono. "Mwambie vizuri, dada. Mimi niko mtu wa kusali. Mwambie sikununua ya kuua mtu. Ile nilinunua ya kuacha tu."

Coletha aliutoa mkono wake taratibu. Kabla hajaanza kutafsiri, Immaculée aliongea kutoka pembeni, kwa sauti ya kawaida, kama anauliza kipimo cha nguo.

"Kuacha kwa mkono wa nani?"

Carmel aligeuka. Hakuwahi kumwona yule mwanamke. Alimtazama usoni, akatazama kitambaa cheusi kichwani mwake, akamrudia Coletha.

"Huyu ni nani?"

"Ni mke wa Pacifique Namegabe," Coletha alisema. "Jibu swali lake."

Kapteni aliinua kalamu, akauliza kwa Kiingereza wanasema nini. Coletha alimtafsiria yote neno kwa neno, alichosema Carmel na alichouliza Immaculée. Kapteni akaviandika vyote viwili, akaacha mistari mitupu chini yake kwa ajili ya jibu, na wote watatu wakamgeukia Carmel wakingoja.